Boga la Mama Limezaliwa Ghorofa ya Pili

Kyoto, 9 Agosti

Kwa Bwana Kuwabara,
Mwenyekiti wa Kamati ya Jengo letu

Mheshimiwa,

Nimepokea onyo lenu la tatu kuhusu vyungu kumi na kimoja vilivyo kwenye roshani yangu. Nimelisoma nikiwa nimesimama, kwa heshima, na pia kwa kuwa pa kukaa hapana. Sasa naomba nami nisikilizwe.

1. Mnasema roshani ni njia ya kukimbilia moto ukizuka. Kweli kabisa. Nimepima: mtu mwembamba akipita kiubavu, anapita. Kamati iwatangazie wanene watumie ngazi.

2. Mnanishauri ninunue mboga dukani kama watu wengine. Marehemu mama alipanda boga la Shishigatani, lile lenye kiuno kama kibuyu, kwa miaka arobaini, kutoka mbegu za mama yake. Shamba lake leo ni maegesho ya magari. Mimi niliachiwa mbegu sita. Nilipouliza dukani, muuzaji alinionyesha boga la plastiki la kupambia meza.

3. Nyuki hawapandi ghorofa ya tatu. Kila asubuhi nayachavusha maua mwenyewe kwa brashi ya wanja. Bwana wa jengo la mbele amelalamika kwamba namchungulia. Aambiwe kuwa sijafikia hali hiyo.

4. Katika miche sita, mitano ilioza. Mmoja uliobaki, kwa kukosa nafasi, uliteremka hadi roshani ya Bibi Tsujimoto, ghorofa ya pili, ukazaa huko boga moja tu. Nilipokwenda kulidai, alinijibu akiwa na mswaki mkononi: "Mwanangu, mizizi yako, boga langu. Mbona maji yako yakidondokea magodoro niliyoanika huji kuyadai?"

Kwa hiyo kamati imwamuru alirudishe. Ikishindikana, itamke kuwa roshani yake ni sehemu ya yangu, maana mmea wangu ulipofika, nami nimefika.

Nisalimie mkeo, wajumbe wote, na aliyebandika onyo mlangoni kwa gundi isiyobanduka.

Wako mtiifu,
Chizuko Marutani, chumba 304

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta stempu, Bibi Tsujimoto akabisha hodi. Ameleta nusu ya boga, limepikwa kwa mchuzi wa soya, na bahasha yenye mbegu hamsini na mbili, zimeoshwa na kukaushwa. "Kula kwanza," akasema. "La mama yako lilikuwa hivi?" Nikala kipande, kisha kingine. Lilikuwa hivi hivi.

Tumekubaliana mwakani tupande kwake, kuna jua zaidi. Tafadhali futeni yote niliyoandika. Onyo la nne lipelekwe chumba 204.