Gari la Mama Masika Lilivyokataa Kupanda Karambi

Leo sura yangu nimeiacha kwenye barabara ya Karambi, na siendi kuichukua. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa video.

Muhindo, rafiki yangu wa hapa Kasese, amefiwa na mama yake juzi. Leo tulikuwa tunampeleka Mama Masika kuzikwa nyumbani kwake Karambi, juu ya Bwera. Mimi ni fundi wa magari, basi nikapewa heshima ya kuendesha gari la Muhindo lililobeba jeneza. Ni stesheni wagoni ya zamani, viti vya nyuma vimelazwa. Waombolezaji walifuata kwa lori.

Huyo mama alinichukua kama mwanawe. Kila nikifika kwake ananipakulia chakula, nikishiba ananiuliza, "Baluku, utaoa lini?" Nilimpenda. Nilitaka nimfikishe vizuri.

Muhindo alikaa mbele na mimi. Nyuma, ubavuni mwa jeneza, alikaa Mama Mdogo, mdogo wa marehemu, anayeuza vitenge Beni, upande wa Kongo.

Mpaka Bwera ilikuwa jua tupu. Tulipoanza kupanda Karambi, ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukatufunika. Sikuona migomba, sikuona lori. Nilisikia tu kwaya ya waombolezaji ikiimba nyuma yetu ndani ya ule weupe. Na hapo injini ikazima. Haikukohoa wala kusitasita. Ilinyamaza tu.

Muhindo akanigeukia. "Baluku, kaburi limeshachimbwa."

Nilimwelewa. Kwao kaburi haliachwi wazi likalala, litaita mwingine wa nyumba hiyo. Na Muhindo ana watoto watatu wanaomngoja huko juu.

"Dakika mbili tu," nikasema. (Maneno ya mafundi. Mnatujua.)

Nikafungua boneti. Starta inazunguka vizuri, betri nzima, mafuta yapo. Nikachomoa plagi, nikairudisha kwenye waya wake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, Muhindo akazungusha ufunguo. Cheche hakuna. Nikajaribu ya pili. Hakuna.

Mama Mdogo akasema kutoka nyuma, polepole, "Dada yangu anakatala kwenda. Mumuongeleshe."

"Mama Mdogo, maiti haina kazi na plagi."

Nilisema kwa sauti kubwa (fundi lazima asikike). Kumbe watu wa lori walikuwa wameshashuka. Walisimama kwenye ukungu, naona mabega na vichwa, miguu sioni. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Nikarudisha plagi, nikatoa taa yangu ya kupimia umeme, kibalbu kidogo chenye nyaya mbili. Kwenye swichi ya ufunguo, inawaka. Kwenye koili, ile inayotengeneza cheche, giza. Nikaiacha imefungwa hapo kwenye koili, nikawa nakuna kichwa.

Huko nyuma Mama Mdogo akaanza kulia. Boneti ilikuwa imenizibia, nilimsikia tu. "Dada, kuja twende. Batoto beko nakungojea."

Kibalbu kikawaka.

Nikakitazama. Mama Mdogo akanyamaza apanguse machozi. Kikazima.

Jamani, mimi si mwoga. Nimewahi kulala chini ya lori porini na fisi wanalia. Lakini hapo nilirudi nyuma hatua mbili.

"Mama Mdogo," nikaita, sauti imekuwa nyembamba, "hebu mwite tena."

Akamwita. Kikawaka. Akaacha. Kikazima. Muhindo alikuwa ameshashuka, amesimama karibu yangu, ameona yote. Kwaya ikaacha kuimba, na hakuna aliyewaambia waache.

"Iko nakutaka weye, fundi," Mama Mdogo akasema. "Weye ndiyo ulimuchekelea. Kuja huku, piga magoti."

Nikaenda. Nawaapia nilikwenda bila kubisha. Muhindo akabaki mbele akiangalia kibalbu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, nikapiga magoti kwenye tope, kofia mkononi, watu wamenizunguka. Simu moja ilikuwa imeinuliwa. Niliiona, sikujali.

"Mama Masika, ni mimi Baluku. Nisamehe mdomo wangu. Niruhusu nikufikishe nyumbani."

"Haijawaka," Muhindo akasema kutoka mbele.

"Mama, Jumapili nitaanza kwenda misa."

"Bado."

"Ile ya asubuhi." (Nilihisi anangoja niongeze.)

"Bado, Baluku."

Nikawaza kaburi liko wazi, nikawaza watoto wa Muhindo, na machozi yakanitoka kweli. Nikasema kwa nguvu, lori zima likasikia, "Mama, nitaoa. Krismasi hii haitanikuta peke yangu."

Mama Mdogo akaruka kwa furaha. Akalikumbatia jeneza, akalivuta kifuani kwake. "Dada, umesikia? Anaoa!"

"Imewaka," Muhindo akasema.

Vigelegele vikapigwa mpaka ukungu ukatetemeka. Nikakimbia na magoti yangu ya tope, nikazungusha ufunguo, injini ikashika mara moja. Watu wanalia, wanamshukuru Mungu, mmoja anagusa shati langu. Mama Mdogo akaliachia jeneza ili apige makofi.

Injini ikazima.

Muhindo akaja dirishani kwangu, akainama, akaongea kwa sauti ya chini, kwa sababu ni mtu mwema.

"Baluku. Ile swichi ya wezi uliyonifungia, uliiweka wapi?"

Wenzangu, niliiweka chini ya kapeti ya nyuma. Mwaka jana Muhindo aliogopa kuibiwa gari, nikachukua kale kaswichi ka mlangoni kanakozima taa ya ndani ukifunga mlango, nikakata waya wa koili, nikaupitisha hapo. Ukiegesha, unaweka sanduku la vifaa juu yake, swichi inabonyea, cheche hakuna, mwizi anazungusha ufunguo mpaka achoke. Niliwatumia picha humu humu kwenye kundi letu, mkaniita profesa.

Basi gari lilipoanza mlima, jeneza liliteleza nyuma likakaa juu ya swichi. Mama Mdogo kila akimwita dada yake analivuta jeneza kwake, swichi inaachia. Akipangusa machozi, linarudi. Mtego wangu ulifanya kazi sawasawa, na aliyenaswa ni aliyeutega.

Tukalisukuma jeneza mbele, watu wa lori wakinicheka, tukaliwekea gurudumu la akiba lisiteleze. Gari likapanda bila neno. Mama Masika amezikwa vizuri, kaburi limefunikwa kabla ya mvua. Muhindo alinishika bega pale kaburini, analia na kucheka pamoja, hajui aanze na lipi. Nilifurahi kumwona hivyo.

Nilimwendea Mama Mdogo nimweleze habari ya swichi, kwamba yale maneno yangu hayahesabiki. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Swichi ni ya gari," akasema. "Mimi nilisikia mutu anaahidi maiti."

Kabla sijaondoka, akina mama wawili wamenifuata kuniuliza nasali kanisa gani na kama napenda wasichana warefu. Katekista ameshanihesabu kwenye misa ya asubuhi.

Kwa hiyo nawaomba msinicheke. Mama Masika aliyasikia yote kwa karibu kuliko mtu yeyote pale, na yeye peke yake ndiye ambaye hakucheka.