Mkaguzi Mwenye Kipimajoto cha Homa

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la soko: wiki hii bustani zote za mboga zitakaguliwa, na asiye na cheti cha usafi hatauza. Wakulima walilisoma wakaingiwa na baridi. Bwana Vipimo, ambaye hajawahi kulima hata kitunguu, alilisoma mara mbili, kisha akaenda kununua koti jeupe la mtumba.

Asubuhi iliyofuata alitokea kwenye bustani ya mama mmoja aliyeiuzia hospitali saladi na nyanya. Mama huyo alikuwa na dhiki ya kweli. Vibarua wake wawili walikuwa wameacha kazi juzi, na bila cheti hospitali ingetafuta mkulima mwingine. Mgeni alichomeka kipimajoto cha homa kwenye udongo, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Samadi, alisema, iko karibu mno na saladi. Kreti ni chafu. Mahali pa kunawa hakuna. Hata hivyo, makosa hayo yangeweza kusahaulika kwa ada ndogo.

Mama alikitazama kipimajoto kwa muda. Akasema ada ipo, ila mkaguzi wa mwaka jana alionyesha kila sharti kwa mikono yake mwenyewe.

"Au siku hizi hamfundishwi, mwanangu?"

"Tunafundishwa, mama," alijibu Bwana Vipimo, kwa sauti ya msomi aliyeguswa pabaya.

Heshima ya taaluma ni mzigo. Alihamisha samadi, toroli kumi na nane. Alisugua kreti zote. Alisimika pipa la kunawia, huku mama akimsifu na kuuliza maswali ya mwanafunzi mwema.

Alasiri mkaguzi halisi alifika, saa ileile aliyoitaja katika barua yake kwa mama. Bwana Vipimo alikumbuka ghafla kwamba ana safari.

"Huyu ni kibarua wangu mpya," alisema mama, akiwa amemshika mkono.

Kukanusha kungehitaji maelezo kuhusu koti, ambalo sasa rangi yake haikutajika.

Mkaguzi alizunguka bustani nzima, akaridhika. Mwishoni akaomba kuona mikono ya wafanyakazi. Ya kibarua ilikuwa na samadi hadi viwikoni, hatua mbili kutoka kwenye pipa.

"Kasoro ni hii moja tu. Huyu haruhusiwi kugusa mboga."

"Basi nimemwachisha kazi," alisema mama, akapokea cheti.

Ndivyo Bwana Vipimo alivyofukuzwa kutoka kazi ya kwanza ya halali maishani mwake, kwa uchafu.