Udongo wa Shavu la Taj

Ijumaa, tarehe 23 Januari. Tangu alfajiri ukungu uliishukia Agra hata Taj Mahal ikapotea nzima, kuba na minara, na mto ukapotea nayo. Watu wenye akili walibaki ndani ya mablanketi. Lakhan, aliyeishi kwa kuwauzia watu maneno, alisimama njiani akisikitika kwamba hana chupa. Ukungu ule ungeuzika sana Delhi.

Ndipo akasikia harufu ya manjano ikisagwa. Ilitoka kwa Bi Rukmini, mjane mtengeneza peremende za maboga. Binti yake Kanchan alikuwa anaolewa kesho, na adhuhuri ya leo wanawake wangempaka manjano na udongo ili ang'ae. Lakhan alikwenda zake mbio, akarudi na gunia.

"Shangazi," alisema akivua viatu kwa adabu kubwa, "unajua Taj nayo hupakwa udongo usoni kama bibi arusi?"

"Najua. Marumaru ikichafuka kwa moshi wanaipaka, udongo ukikauka wanaiosha."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Lakhan hakuwa na ugomvi na ukweli siku ulipomfaa.

"Na ile minara minne imeinamishwa nje kidogo, ili siku ikianguka isiliangukie kaburi."

"Nimezaliwa hapa, Lakhan. Sema umebeba nini."

Akafungua gunia taratibu, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. "Udongo wenyewe, shangazi. Umebanduka kwenye shavu la Taj asubuhi hii. Mimi mwenyewe nimepita nao langoni."

"Asubuhi hii?"

"Kabla wewe hujanywa chai!"

Bi Rukmini alilitazama gunia. Ijumaa lango la Taj hufungwa. Huingia tu watu wanaokwenda kusali msikitini mle ndani, na hao hawatoki na magunia. Mtoto yeyote wa Agra analijua hilo. Lakhan pia alilijua, ila kwa haraka ya kuuza alikuwa amesahau leo ni siku gani.

Lakini udongo huu, kama haukutoka Taj, ulitoka wapi? Mama huyu alitazama uso wa binti yake, uso aliokuwa ameulea miaka yote hii, akaona ni lazima ajue. Alilipa bila kubisha, akawaacha wanawake waliokwisha kufika wauchanganye na manjano, akamkaribisha mgeni chai, kisha akamnong'oneza Kanchan amwite mjomba Omveer.

Kikombe kilikuwa nusu alipoingia bwana mmoja mwenye koti jeusi na masharubu ya kutisha.

"Mimi mkaguzi wa majengo ya kale! Nani ametoa mali ya Taj siku lango limefungwa?"

Chai ilimpalia Lakhan. Wanawake wote walimgeukia, na pandit, kuhani aliyekuja kupanga sala, naye akamgeukia.

"Ikiwa ni udongo wa Taj, wewe unakwenda jela," alisema yule bwana. "Ikiwa ni wa kwingine, unakwenda nyumbani."

"Wa kwingine, mheshimiwa! Udongo huu haujaiona Taj hata kwa mbali! Nimeuchota bwawani, wanapooga nyati wa shemeji yangu."

"Shahidi wako nani?"

"Nyati wenyewe! Nusa, mheshimiwa, nusa!"

Mkaguzi alinusa, akaamini papo hapo, akarudi nyuma. Kanchan alishika mashavu yake kwa mikono miwili.

"Asante, kaka Omveer," alisema Bi Rukmini. "Bandua masharubu, yamekaa upande."

Lakhan aliyatazama yale masharubu yakining'inia kidoleni, akaelewa kila kitu. Kwa unyonge akazirudisha pesa mkononi mwa Bi Rukmini.

"Aliyenidanganya nimemsamehe," alisema yule mama, "maana Mungu naye ananivumilia. Lakini huu udongo tumeshauchanganya, hautupwi. Dada zangu!"

Walimpaka Lakhan toka paji la uso hadi shingoni, wakicheka hadi vitambaa vikawaanguka vichwani. Pandit alingoja wamalize, akamwambia aape.

"Mbele yenu nyote," Lakhan alisema, udongo ukimwingia mdomoni, "naahidi sitauza tena udongo wa Taj."

Hakuna aliyemfungulia mlango.

"Wala vumbi lake."

Bi Rukmini alikunja mikono.

"Haya, haya, shangazi! Wala ukungu wake."