Viatu vya Mbio na Mkataba wa Nyumba

Jumatatu, 3 Juni
Historia na iandike: leo, saa nne na robo asubuhi, nimenunua kamba za viatu. Jozi kumi na mbili, nyeupe. Viatu vyenyewe vipo tayari: vyekundu, vya mbio, vyenye misumari, kwa wasichana wa timu ya riadha ya chuo kikuu. Kocha ni shemeji yangu. Kasema jina la mfadhili litaandikwa kwa rangi kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Juu ya mlango! Wakili mwenzangu jirani, ninayemwita Suti Mbili, jina lake liko kwenye feni ya maktaba. Feni! Na anavyotembea, utadhani kajenga chuo.

Jumanne, 4 Juni
Sitoi kitu bila karatasi. Nimemwambia karani achukue mkataba wangu wa kupangisha nyumba. Penye "mwenye nyumba" aweke "mfadhili", penye "mpangaji" aweke "timu". Kurasa kumi na moja. Kauliza kama nitaupitia. Nikamwambia nilianza kusoma mikataba yeye bado ananyonya. Nimetia sahihi nakala zote, kwa mbwembwe. Sijaupitia.

Jumatano, 5 Juni
Kaja nahodha wa timu. Anasoma sheria, mwaka wa mwisho. Viatu vyake kavifunga kwa waya. Nilitegemea asaini na kushukuru. Akasoma! Kwa kidole! Akauliza kwa nini timu hairuhusiwi kufuga kuku. Nikasema ni nidhamu. Akauliza fundi anakuja lini, maana kifungu cha kumi na nne kinasema mfadhili atatengeneza paa, mabomba na vyoo. Kabla sijafungua mdomo, kashasaini na nakala iko mkobani. Nimezuia viatu mpaka mkataba urekebishwe. Akauliza kama Jumamosi wavae karatasi. Jumamosi wanachaguliwa wawili wa kwenda mashindano ya vyuo. Kwake ndiyo nafasi ya mwisho. Kila mtu ana shida zake.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kapiga simu. Eti nitoe viatu, karatasi baadaye. Mbio si kesi, haziahirishwi. Mke wangu kamuunga mkono kaka yake. Kasema hata siku ya kumposa nilikuja na shahidi. Uongo. Nilikuja na wawili.

Jumamosi, 8 Juni
Nimefika uwanjani, viatu kwenye buti ya gari, mkataba mpya mkononi. Nimechelewa! Suti Mbili kaleta vya binti zake kwenye mfuko wa plastiki. Vikuukuu. Bila hata risiti! Nahodha vimempwaya, kajazia magazeti. Mzunguko wa mwisho alikuwa wa pili. Kiatu kikachomoka. Wa tatu. Akapita karibu na gari langu, buti wazi, viatu vyekundu vimejipanga. Akasema shikamoo wakili, basi. Adabu ile sijaipenda. Nimemwambia shemeji ndivyo inavyokuwa watu wasipofuata taratibu. Akaenda kuokota kiatu.

Jumatatu, 10 Juni
Barua ya chuo: kifungu cha kumi na nne. Mafundi wangu wanachimbua vyoo. Juu ya mlango, mpaka rangi anaandika jina la Suti Mbili. Ngazi kaazima kwa fundi wangu.

Jumatano, 12 Juni
Nimempata! Timu ya kuogelea. Suti Mbili hajaifikiria. Nimenunua miwani ya kuogelea, kumi na miwili. Karani kachukua mkataba uleule. Penye "timu" aweke "waogeleaji". Alitaka kusema kitu. Nikamwambia achape kwanza. Nimesaini nakala zote, nikamwuliza alitaka kusema nini.
Chuo hakina bwawa.