Mrudisheni Kanali Barazani

Mabela, Maskati

Shemeji yangu mheshimiwa Asaad,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa na ombi moja la kuinusuru nyumba. Mdogo wako, mume wangu, Kanali mstaafu, alikaa miaka minne kwenye baraza la kutunga sheria, na uchaguzi uliopita wapiga kura wakampumzisha. Wamempumzisha kwangu. Jeshini alijifunza kuamrisha, barazani akajifunza kuunda kamati, na sasa sisi tunapata vyote viwili kwa pamoja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila baada ya sala ya alfajiri anatupanga mstari uani, kisha anakagua vitanda. Mgeni wetu kutoka Sur, mtu mzima mwenye wajukuu, alikunjishwa blanketi mara mbili.

2. Ameunda Kamati ya Chakula cha Mchana. Mwenyekiti ni yeye, katibu ni Violeth, dada yetu wa kazi. Mimi niliyempikia tangu ana nyota moja begani ni mwalikwa nisiye na kura. Jumapili hoja ya pilau ilirudishwa kwa utafiti zaidi, tukala tende.

3. Msibani Ghubra, watu wanasoma Yasini, sauti yake ikatufikia hadi upande wa wanawake: "Nna suali la nyongeza. Nani alochelewa kumpeleka marehemu hospitali?" Nilitamani ardhi ipasuke.

4. Hili ndilo linaloniliza. Wazee wa kijana wa watu walikuja kumposa mjukuu wetu Reem. Kanali akawatoa nje, akatupigisha kura sisi wa nyumbani. Zikalingana. Akatumia kura ya mwenyekiti kuahirisha posa mpaka kikao kijacho, na tarehe ya kikao anaijua yeye. Reem hali, halali.

Kwa hiyo, shemeji, kwa kuwa uchaguzi mwingine umekaribia na ukoo unakusikiliza wewe, waamuru wote washike simu zao, maana siku hizi kura hupigwa kwa simu, wamchague yeye. Kama ataifaa nchi au hataifaa, hilo halinihusu. Nchi ina watu wengi wa kugawana Kanali. Mimi niko peke yangu.

Nisalimie Bi Ghadeer, watoto, wajukuu, na hata yule jirani yenu anayeegesha gari mlangoni kwenu.

Ni mimi shemeji yako mtiifu, niliyechoka kukaguliwa,
Zuwena

N.B. Kabla sijaituma barua, Kanali amejiandikisha kugombea. Siku hizi anashinda majumbani mwa watu akiomba kura. Posa ya Reem ameikubali huku anavaa viatu, bila kamati. Nyumba kimya. Jana nimeshinda sebuleni sina hata wa kugombana naye. Tafadhali shemeji, kura zote mpeni mpinzani wake.