Mabawa ya Gundi

Jumatatu, 14 Julai
Kaka Abass, bosi wangu, kachoka nami. Kasema hapa Zhanxi, soko la viatu la Wachina, tunafungasha mizigo ya wateja, hatulei. Mkono mmoja mtoto, mmoja katoni, kazi itakwisha lini? Nije na mikono miwili, la sivyo Ijumaa Dullah aondoke na Nahla, mwenzetu anayerudi nyumbani, akalelewe na bibi yake Temeke. Dullah wangu! Hata meno hayajatimia! Nimelia chooni. Kisha nikapata wazo. Mawazo sikosi.

Jumanne, 15 Julai
Nimepanda basi hadi Shiling, kwenye soko la ngozi. Nimerudi na mikanda ya mabegi, vipande vya ngozi na kopo la gundi. Naunda kiti cha mgongoni. Kina mfuko wa chupa! Kina kivuli! Fifi, Mkongo wa duka la jirani, akauliza kwani vitenge vimekwisha duniani? Nikamwambia hayo ya zamani, dada. Wivu tu.

Mumewe Arnaud, msomi, akacheka. Eti shuleni walisoma hadithi ya kale ya fundi Mgiriki, Dedalo. Kafungiwa kisiwani na mwanawe, akaunda mabawa ya manyoya na nta. Wakaruka! Mtoto akapaa juu mno, jua likayeyusha nta, akazama baharini. Nimemkumbatia Dullah mpaka akalia. Maskini fundi! Kosa lake liko wazi: hakuwa na gundi.

Jumatano, 16 Julai
Jaribio. Sikumweka Dullah, mimi si Dedalo! Nimeweka mfuko wa mchele. Nikapita mbele ya Fifi kwa maringo, jua la utosi. Mgongo ukawa wa moto. Kisha mwepesi. Mchele njia nzima! Laoban, yule tajiri wa Kichina wa duka la mbele, akateleza akakaa chini bila kupenda. Fifi akauliza harusi ya nani. Dullah akacheka mpaka kwikwi. Damu yangu mwenyewe!

Alhamisi, 17 Julai
Nahla kaja kuchukua nguo za Dullah. Nimekunja kisweta, nikashindwa kukitoa mkononi. Fifi akaingia bila hodi, akanigeuza, akamweka Dullah mgongoni, kitenge, fundo, kwisha. Nikafunga katoni kwa mikono miwili, mtoto kalala. Kaka Abass akatazama, akamwambia Nahla asafiri peke yake. Nimemlilia Fifi begani. Akasema, Maman Dullah, achana na gundi. Nimeapa.

Ijumaa, 18 Julai
Nahla kaenda zake. Dullah yupo, anakoroma shingoni mwangu. Alhamdulillahi, kitenge ni kitu kizuri.

Ila fundo linabana kifua. Kingekuwa na zipu! Na gundi kidogo tu, ile isiyoogopa jua.

Kesho basi la kwanza, Shiling.