Maboksi Yaliyoandikwa JUU

Jumatatu, 3 Agosti

Tumepata nyumba! Si nzima, nusu. Wapangaji wa mama mkwe wametoka kwenye nyumba yake ya ghorofa, naye kasema tukae sisi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Kila mtu sakafu yake. Chini kuna ua na bomba la jikoni lenye nguvu. Juu kuna upepo. Na ngazi. Vidato kumi na saba, nimevihesabu mwenyewe, na pembeni hakuna pa kushika.

Mwanangu Bonge ana miezi tisa. Kaanza kutambaa wiki iliyopita, na anatambaa kama mtu aliyechelewa kazini. Huyo na vidato kumi na saba hawapatani. Kwa hiyo chini ni kwangu. Nimeamua.

Tatizo: wifi naye anaitaka chini. Hana mtoto, ana goti. Goti lenyewe huuma siku za kazi tu, siku za arusi linapona.

Mama mkwe ni mfupi wa kimo, lakini neno lake halirukiki. Hataki ugomvi. Katoa hukumu: wote tuhamie Jumapili, na vyombo vya mtu vitakapotua, hapo hapo ndipo atakapokaa.

Mume wangu kauliza kwa nini nisimwombe wifi tu. Nimwombe! Wanaume hawajui vita.

Mpango: tunahama Jumamosi, alfajiri. Siri.

Jumanne, 4 Agosti

Siri imedumu saa kumi na sita.

Binti yangu ana miaka mitano na tunamwita Redio, kwa sababu isiyo na haja ya kuelezwa. Wifi kapiga simu, Redio kaipokea, kamtangazia shangazi yake kwamba tunahama Jumamosi jogoo akiwika ili Mama awahi bomba. Nimeinyakua simu. Nikasema mtoto ana homa, anaweweseka. Redio nyuma yangu akapaza sauti kuwa hana homa yoyote.

Wifi kacheka tu, kanipa pole ya homa.

Nimempa Redio onyo kali. Kisha kaniuliza kama chini kutakuwa na nafasi ya kuruka kamba, nikamwambia ndiyo mwanangu, na ndiyo maana Mama anahangaika. Kanibusu shavuni. Nimeendelea kumkasirikia kama dakika moja.

Jumatano, 5 Agosti

Nimepata maboksi kumi na manne dukani. Mengine yananuka sabuni, moja linanuka samaki mkavu. Hilo nimeweka nguo za mume wangu.

Nafunga mizigo kwa mkono mmoja, wa pili una Bonge. Nikiweka kijiko ndani, yeye anatoa viwili. Mpaka adhuhuri boksi la jikoni lilikuwa na vitu vichache kuliko asubuhi.

Vikombe sita vya mama yangu, vile vya maua ya buluu alivyonipa siku naolewa, nimevifunga kimoja kimoja kwa nepi safi. Tulipohama mara ya mwisho wapagazi waligeuza boksi kichwa chini miguu juu, sahani tatu zikafa. Mara hii nimejipanga. Nimenunua kalamu nene nyekundu na kila boksi nimeandika upande wa kutazama mbinguni: JUU.

Mume wangu kashauri niongeze na mshale. Mshale wa nini? Mtu mzima, na ndevu zake, asijue juu ni wapi?

Alhamisi, 6 Agosti

Wifi kaja eti kunisaidia. Mpelelezi! Kazunguka chumbani mikono nyuma kama mkaguzi. Kasoma maboksi yote. Kisha kaniambia kwa sauti laini kabisa, wifi yangu, naona umeshaamua.

Nikamjibu kwa kifua: nimeamua, na sirudi nyuma!

Kanikumbatia. Kasema nina moyo wa dhahabu. Kaondoka anaimba, na hachechemei hata kidogo.

Ajabu ya mwaka. Nilijiandaa kwa vita, nimepata kumbatio. Bila shaka kaona nilivyojipanga akakata tamaa.

Jumamosi, 8 Agosti

Sina hamu.

Lori dogo lilikuja alfajiri kama tulivyopatana. Wapagazi watatu, mkubwa wao anajiita Nyapara, mtu wa maneno machache na shingo nene. Tukapakia, tukafika kabla ya wifi, mtaa mzima umelala. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha mbele na Bonge, anayenyonya. Akasinzia hapo hapo, ngumi yake imeshika kola yangu. Usiku wa jana hakulala, mimi pia sikulala. Nikasema nisimwamshe, wapagazi waanze, mume wangu yupo.

Nikakaa mle, nimetulia kama malkia. Nyuma yangu nawasikia wakihema na kuambiana: juu! Hili nalo juu! Yote juu, jamani, twende! Moyo ukafurahi. Hawa ndio wapagazi, nikasema. Wanashika boksi inavyotakiwa.

Saa nzima baadaye nikashuka. Chini kweupe. Hata ufagio hakuna.

Maboksi kumi na manne yote yako ghorofani. Kitanda, juu. Meza, juu. Mume wangu, juu, kalalia godoro anatafuta pumzi. Nimemuuliza alikuwa anafikiri nini. Kasema alidhani nimebadili mawazo kwa ajili ya goti la dada yake, na alijivunia sana kuwa na mke kama mimi.

Nikamgeukia Nyapara. Kanionyesha boksi kwa kidole. Kauliza hapo pameandikwaje, mama.

Nikaagiza yote yashushwe haraka. Na hapo hapo geti likalia: mama mkwe, kaja na funguo za akiba. Kapanda vidato vyote kumi na saba bila kupumzika, kavaa miwani, kasoma boksi moja, la pili, la tatu. Nikajieleza kwamba ile JUU haikuwa JUU hiyo, ilikuwa JUU nyingine. Kanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesema daftari limeliwa na mbuzi. Kasema mwanangu, yeye akikuta neno limeandikwa hulifuata. Vyombo vimetua.

Redio kauliza sasa ataruka kamba wapi.

Jumapili, 9 Agosti

Wifi kahamia chini kwa mbwembwe. Kanishukuru mbele ya majirani. Nikaitikia. Ukishapewa sifa usizostahili, unazirudishaje?

Maji juu yanatoka kwa kutafakari. Tone, kimya, tone. Kufua nepi sita kumenichukua asubuhi yote.

Mume wangu kaweka ubao kwenye mlango wa ngazi, Bonge asipite. Bonge kautazama ubao kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake.

Jumatatu, 10 Agosti

Mpango mpya! Sakafu yangu ndiyo dari yake. Nina kinu. Nina mchi. Nitatwanga mpaka wifi aombe tubadilishane mwenyewe.

Nimetwanga kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Sina cha kutwanga, nimetwanga hewa. Redio kaniunga mkono kwa kuruka kamba kando yangu. Saa tatu mikono imekufa ganzi, nikachungulia dirishani. Wifi yuko uani anaanika nguo, kastarehe. Kapaza sauti kwamba mlio wa kinu unamkumbusha bibi yao, niendelee, ni burudani.

Nimeendelea. Heshima ni heshima.

Jumanne, 11 Agosti

Leo naandika na Bonge mapajani, simwachii.

Nilikuwa natwanga. Kelele zangu mwenyewe ndizo zilizoniziba masikio. Redio kavuta ubao apite kwenda kumsalimu shangazi, hakuurudisha. Nilipogeuka, Bonge hayupo.

Nilipofika mlangoni yuko kidato cha nne kutoka juu, kichwa mbele, anacheka. Na chini yake, vidato viwili viwili, anapanda wifi. Anapanda kwa lile goti! Kamdaka kwapani, mkono mmoja wa mtoto tayari unaelea hewani.

Tulikaa ngazini sote wanne. Redio analia, mimi nalia, Bonge anataka kushuka tena. Wifi anapumua kama mvukuto. Kisha kasema hapa si pa mtoto. Kasema kesho kutwa tubadilishane, yeye atapanda taratibu. Kasema kama ningemwambia tangu mwanzo, angekubali tangu mwanzo, lakini aliona maboksi yameandikwa, akajua nimependa upepo.

Nimembusu mikono. Nimemwambia Mungu amlipe. Maneno ya kweli, kila moja.

Nimempigia mama mkwe. Kasema sawa, ila mara hii tuandike vizuri.

Nimekaa nafikiri. Wifi kakubali siku ya pili tu ya kutwanga. Kinu kimefanya kazi!

Alhamisi, 13 Agosti

Nyapara na wenzake wamerudi. Nimewapanga mstari kabla hawajagusa kitu, nikawasomesha. Neno lililo kwenye boksi, nimewaambia, si safari ya boksi! Ni mkao wake! Likisema JUU, basi upande huo utazame juu. Nimemtaka Nyapara arudie. Kakwama, nikamtaka arudie tena. Karudia mara tatu, mara ya mwisho kafumba macho kama anaapa: neno ni mkao, si safari.

Nikaridhika. Nikaingia ndani kumalizia kuandika, maana nilishafuta JUU zote na kalamu ilikuwa bado ina wino. Juu ya kila boksi, herufi kubwa, ili mara hii mzigo usipotee njia: CHINI.

Mume wangu kasimama kusoma. Kafungua mdomo. Nikamwambia kama ni habari ya mshale, sitaki.

Wamefanya kazi kwa adabu sana. Kila boksi walilishika wawili, wakalipindua polepole, neno likatazama sakafu, ndipo wakaondoka nalo. Nililisikia la jikoni likilia ndani kama mtu anayehesabu vijiko. La unga limeacha mstari mweupe kidato hadi kidato. Mafuta yamekutana na mashuka.

Nilimfokea Nyapara. Kasimama wima, kafumba macho, kasema: neno ni mkao, si safari.

Vikombe vya mama yangu vilikuwa sita. Sasa ni viwili. Nilikaa sakafuni na nepi zenye vigae mapajani. Redio kakaa ubavuni, kahesabu vizima mara mbili, kasema vinatosha, kimoja chake kimoja changu, na Baba ana mdomo mkubwa, atatumia bakuli.

Bonge yuko uani. Anatambaa kwenye saruji ya bapa, bila kidato hata kimoja. Kaenda mpaka ukutani, karudi, kaenda tena. Nilimtazama mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 16 Agosti

Chini ni pazuri. Bomba linatoka kama lina hasira. Lakini hakuna aliyenieleza habari ya geti! Mtu wa chini ndiye mfunguzi. Leo tangu asubuhi limegongwa mara kumi na moja, na kumi kati ya hizo ni wageni wa wifi. Bonge anaamka kila mara. Wifi ana kengele yake nzuri tu, ya kuvuta kwa kamba inayoning'inia nje ya ukuta, lakini wageni hawaioni.

Mume wangu kashauri nimwombe wifi awaelekeze wageni wake. Nimwombe! Hata kidogo. Mambo haya yana dawa yake, na dawa ni maandishi.

Kosa langu mara zote mbili nimeligundua: niliandika neno moja. Neno moja lina utata. Leo nimeandika mawili. Nimetoka na kalamu nyekundu, nikaandika katikati ya lile geti refu, kila herufi kama sahani: GONGA JUU.

Hapo hata mtoto mchanga ataelewa kwamba mgeni wa wifi avute kengele ya ghorofani. Mshale sijaweka.

Nimemlaza Bonge. Kimya. Raha. Nimejimiminia chai kwenye kikombe cha maua ya buluu.

Kuna mtu nje. Ni sauti ya mama mkwe, anasoma kwa sauti, pole pole, na miwani yake bila shaka. Sasa anamwita Redio. Anamwomba amletee kiti cha kupandia.

Sijui cha nini.